Ufunguo wa Friji ya Chanjo

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi, muuguzi wetu, ambaye watu wote wa huku humwita Mama Friji, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Barua ya kumstaafisha imefika kwa wakati. Ndiyo barua pekee ninayoikumbuka iliyowahi kufika hapa kwa wakati, na haikutaja atakayeshika nafasi yake.

Alipangiwa zahanati hii akiwa binti wa miaka ishirini na minane, kwa ahadi ya miaka miwili tu. Alikuta nyumba ya mtumishi iliyojaa popo, barabara inayogeuka mto kila masika, na friji moja ya kutunzia chanjo, inayotumia gesi. Popo bado wapo. Barabara msiniulize.

Friji hiyo ndiyo pekee katika mwendo wa saa nne kwa miguu, na ndani yake haijawahi kuingia chupa ya maji. Ni chanjo tu. Mimi, tabibu wa hapa, niliripoti kazini miaka sita iliyopita wakati wa joto kali, nikaomba kuweka chupa moja, ndogo tu, pembeni. Mama alinitazama kuanzia viatu hadi utosi, akaniambia maji ya kisima yanamtosha binadamu. Kesho yake ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Mkaguzi alipokuja na soda yake naye alijibiwa hivyohivyo, tena mbele ya kamati nzima ya zahanati.

Asubuhi na jioni alisoma kipimajoto cha friji, kisishuke chini ya nyuzi mbili wala kupita nane, na kuandika kwenye karatasi ya mlangoni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nilikuwa nakereka naye, nakiri. Mwaka mmoja mvua ilikata barabara na gesi ikakaribia kuisha. Aliomba gari, akaambiwa ajaze fomu. Alijaza, ila hakungoja. Alipanga chanjo kwenye kasha la baridi, akajitwika, akavuka mto maji yakiwa kiunoni hadi zahanati ya jirani yenye friji, zaidi ya saa nne kwa miguu. Hakuna hata kichupa kimoja kilichoharibika. Jibu la fomu lilikuja baada ya miezi kumi na minne, likimtaka aijaze upya kwa herufi kubwa.

Kina mama wanaoleta watoto kliniki sasa, wengi wao aliwachanja yeye. Juzi tulipokuwa tunakabidhiana alinifungulia daftari la surua, akanionyesha jina la mwisho: mtoto wa fundi baiskeli, miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu hapo hatujazika mtoto kwa ugonjwa huo. Alilifunga, akanipa ufunguo, akaenda kupiga deki. Niliionea aibu ile chupa yangu.

Barua yangu ya kuomba uhamisho iko tayari tangu Januari, imebaki kutiwa saini tu. Lakini gesi inaisha Ijumaa, mleta mitungi hapokei simu, na mtandao wenyewe mpaka upande juu ya tangi la maji. Kwa hiyo barua itasubiri. Jumapili mke wangu alikuja kunitembelea, jasho likimtiririka, akaomba aweke chupa yake pembeni, ndogo tu. Nilimwambia maji ya kisima yanamtosha binadamu. Hajanisemesha tangu siku hiyo.

Mama, asante kwa kila namba uliyoiandika. Tunakuombea afya, wajukuu wa karibu, na friji yako mwenyewe iliyojaa maji ya baridi hadi mlangoni. Ya huku usiwe na wasiwasi nayo: asubuhi hii imesoma nyuzi nne.