Notisi Hubandikwa Mlangoni

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kinyozi, na birika la kahawa likishatua pale chini, kila mtu anakuwa msomi. Kuna Kipara, mwenye kibanda cha kunyoa. Kuna Wakili, aliyewahi kuuza chai kwenye korido za mahakama, na tangu hapo hajashindwa kesi hata moja kwa sababu hakuna aliyempa. Na kuna Fundi Randa, seremala, aliyeweka nyumba yake rehani benki ili anunue mashine ya kuranda mbao. Mashine ikafa, deni likabaki zima. Juzi benki wamempigia simu kwamba notisi ya mnada iko njiani, nasi tukaamua kumtetea. Mungu amsaidie.

Wakili ndiye aliyeanza. Alituapia kwamba alimsikia hakimu kwa masikio yake mawili: notisi ya kuuza nyumba hubandikwa mlangoni. Fundi akaenda kung'oa mlango, akauficha karakana. Mkewe akatundika pazia, na mpaka leo wanasemeshana kupitia watoto.

— Hapo sheria imekwama, alisema Wakili. Hakuna mlango, hakuna notisi. Hakuna notisi, hakuna mnada.

— Wakibandika dirishani je?

— Dirisha si mlango, Fundi. Hata mwizi analijua hilo.

Mimi nikasema dawa ya deni ni kulipa. Wakanitazama kama niliyekohoa msibani.

— Dawa ikizidi ni sumu, alisema Kipara. Na haraka haraka haina baraka, kwa hiyo kulipa upesi ni kujitafutia mkosi. Sikiliza, Fundi. Nyumba isiyo na mlango ni nini? Ni banda. Benki walishika rehani ya nyumba. Banda watauzaje?

Wakili akaona amepitwa, naye hapendi.

— Basi ang'oe na mabati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake usizibe kitu. Bati likitoka, hicho kisheria ni kiwanja chenye kuta.

— Ya jikoni nimeshatoa, alisema Fundi taratibu. Jana.

Hapo kahawa ilinipalia. Nyumba ile ameijenga kwa mikono yake, chumba baada ya chumba, kila mtoto alipozaliwa. Fremu zake ukizigusa huoni pa kukwaruza kidole. Nilimwonea huruma, lakini kijiweni huruma haina mnunuzi.

Fundi akauliza kuhusu wale wa kudai madeni, wanaompigia simu hata akiwa chooni.

— Pokea, waambie marehemu hayupo, alisema Wakili. Sheria haimdai maiti.

— Sauti yangu wanaijua.

— Waambie wewe ni mdogo wake. Kwenye ukoo sauti zinafanana.

Tulicheka, na Fundi naye akacheka kidogo.

Tukiwa katika kicheko hicho mkewe akatokea. Hajawahi kufika kijiweni, kwa hiyo tulijipanga haraka kama wanafunzi. Kipara akasogea ampishe. Akakataa kukaa, akatuamkia vizuri, shemeji zake, akaeleza kilichomleta. Watu wa benki walikuwa wametoka kwake muda huo huo. Notisi wameibandika ukutani, pembeni ya pazia, wala hawakuuliza mlango uko wapi. Waliongozana na mthamini, mtu wa kupanga bei, naye akazunguka, akatazama pale mlangoni, akaingia jikoni na kutazama mbingu.

— Amesema nyumba yetu imeshuka bei, alisema, bila kupandisha sauti. Sasa ninyi mnaoijua sheria, naomba kuuliza. Wakiiuza na pesa isitoshe deni, hicho kitakachobaki atadaiwa nani?

Wakili akachungulia kikombe chake. Kipara akasema mgeni njoo mwenyeji apone, kisha akaona haimfikishi popote, akaishia hapo. Mwanamke akasubiri. Hakuwa na haraka, wala hakumtazama mumewe.

Jibu tulikuwa nalo sote. Lilikuwa limekaa katikati yetu kwenye benchi, limejishika kichwa.