Mama Pindo, Aliyevuta Maji kwa Kamba Chini ya Paneli Nne

Ndugu waombolezaji, jamaa na majirani, anayewasomea haya ni dada mkubwa wa marehemu. Karatasi mlizopewa mlangoni ziliandikwa na upande wa mume, na zinasema marehemu aliugua kwa muda mfupi. Mwenye miwani na aivue, hatakosa kitu. Marehemu alimwachia dada yake ombi moja tu, kwamba binti yake asibaki katika nyumba ile kurithi kamba ya kisima. Kwa sababu ya ombi hilo wasifu huu unasomwa kwa sauti, na utasomwa mpaka mwisho.

Mama Pindo alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha nafaka, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba msaga unga na mama muuza mkaa. Alikuja kabla ya wakati, mdogo kiasi cha kulazwa ndani ya beseni. Jirani mmoja alimchungulia akasema huyu hafiki Jumapili. Jirani huyo alizikwa mwaka uliofuata. Marehemu alipokuja kusimuliwa habari hiyo hakucheka, maana alikuwa na adabu. Dada yake ndiye aliyecheka.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara kuu, kuanzia 1978 hadi 1984. Hesabu zilimpiga chenga, lakini vidole vyake vilikuwa na akili. Siku moja sketi ya dada yake ilichanika nyuma, paredi imeshaanza. Mtoto yule akachomoa uzi kwenye sweta lake mwenyewe, akaomba sindano kwa mwalimu wa sayansi kimu, akamshona dada akiwa amesimama. Sweta lilifumuka mkono mzima kabla muhula haujaisha, naye akachapwa nyumbani kwa kuharibu nguo. Hakusema kwa nini. Tabia hiyo ya kunyamaza aliibeba maisha yake yote, na kuna watu hapa mbele waliokula matunda yake.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika karakana ya sare iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Alishona mashuka ya hospitali na makoti ya walinzi, na pindo zake zilikuwa hazifumuki hata koti lenyewe likiisha, ndiyo asili ya jina lake. Baadaye alinunua cherehani ya umeme akaiweka barazani kwake, akawashonea maharusi. Wapo wanawake hapa waliofunga ndoa ndani ya mishono yake.

Naye alifunga yake tarehe 12 Agosti 1995, na msoma mita wa shirika la umeme. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mume alimpenda. Walipata mtoto wa kiume, na baada ya miaka mingi ya kungoja, binti. Nyumba yao ilikuwa na kisima uani na pampu ya umeme. Ukifungua bomba, maji yanakuja. Hakuna aliyeona kuwa hiyo ni neema.

Mwaka 2016 cheo cha usimamizi alichokingoja mume kazini kikapewa mwingine. Shemeji akaacha kazi kwa hasira, akaapa kwamba waya wa shirika hautaingia tena katika ua wake. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye alikata umeme wiki hiyohiyo, akauza pampu iliyokuwa ikifanya kazi, kisha ndipo akaenda kutafuta sola. Akaleta pampu mpya na paneli nne nzuri kabisa, akazifunga mbele ya nyumba, juu ya baraza, upande wa barabara, ili wenzake wa zamani wazione wakipita kwenda kazini. Mbele ya baraza ile imesimama nyumba ya ghorofa ya jirani. Jua likichomoza kidogo tu, kivuli chake kinalala juu ya paneli na hakiondoki. Pampu ilikohoa, ikatoa maji ya kujaza jagi, ikanyamaza.

"Zihamishie nyuma, Baba," marehemu alimwambia mumewe, "juu ya banda la kufulia. Kule jua linashinda."

"Nyuma nani ataziona?"

Hilo ndilo lililokuwa jibu, na lilidumu miaka saba. Wageni waliitwa kuonyeshwa mtambo. Mtaa ukampa jina la Bwana Jua, naye akalipokea kama sifa. Ilikatazwa mtu kugusa hata nati moja. Wageni wakishaondoka, mkewe aliinua mfuniko wa kisima, akatupa ndoo. Cherehani ya umeme ikafunikwa shuka, akarudi kwenye ya kukanyaga kwa mguu. Kamba ikamtia sugu viganjani, viganja vikaanza kukwaruza hariri, maharusi wakatafuta mshonaji mwingine. Aliamka kabla ya binti yake ili binti asiishike ile kamba. Binti alipojifunza kuamka mapema, mama alijifunza kuamka mapema zaidi.

Mwaka 2021 miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alisema moyo umepanuka, akamkataza kuinua kitu chochote kizito. Shemeji alisikiliza kwa makini, kwa kuwa si mtu mbaya, akarudi nyumbani akatoa amri kwamba kuanzia siku hiyo mkewe achote nusu ndoo. Basi akachota nusu ndoo, safari zikawa mara mbili. Hayo ndiyo matibabu ya ugonjwa uliofupishwa kwenye karatasi zenu. Asubuhi ya tarehe 14 Juni 2023 alianguka kando ya kisima akiteka maji ya mumewe ya kuoga, akafia kwenye gari njiani kwenda hospitali. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Kesho yake msiba ulijaa watu na maji hayakuwepo. Wasoma mita wenzake wa zamani, ambao mtambo ule ulifungwa ili wautamani, walipanda juu ya baraza bila kumuuliza mtu, wakafungua paneli, wakazifunga juu ya banda la kufulia. Kabla ya chakula cha mchana tangi lilikuwa linafurika, maji yanatambaa mpaka kwenye viatu vya waombolezaji. Shemeji akatoka akasimama mbele ya watu. "Mnaona? Niliwaambia siku zote, mtambo ni mzima."

Kikao cha familia kikakaa. Wifi wa marehemu akasema binti abaki amtunze baba, chuo cha uuguzi kinaweza kusubiri, na tena siku hizi kazi ni nyepesi, maji yamefika bombani.

Binti alikuwa anapanga vikombe. "Shangazi," alisema, "maji yalikuwepo siku zote. Mama ndiye hayupo."

Kikao kikaahirishwa hadi baada ya maziko. Wanakikao wajulishwe kwamba hakitahitajika.

Marehemu ameacha mume, mwenye maji. Ameacha mtoto wa kiume anayefanya kazi mbali, ambaye kila mwaka hakusahau kumtumia mama yake ndoo mpya. Ameacha wifi, mwenye maoni. Ameacha dada, anayesoma haya na ambaye hatakanyaga tena katika ua ule. Na ameacha binti, ambaye sanduku lake liko ndani ya gari la mama yake mkubwa tangu asubuhi, na Jumatatu anaripoti chuoni. Shemeji akitaka kuoga, bomba liko nyuma ya nyumba, hufunguliwa kwa kuzungusha kushoto.

Kila alipoketi aliitwa. Apumzike kwa amani, na safari hii asiitwe na mtu.