Bi Severa Mapunda: Miaka Kumi na Minne ya Kuangusha Kalamu

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 2006, saa kumi jioni, Bi Severa Mapunda anastaafu. Ameitumikia Kliniki ya Mgongo ya Daktari Girish, Mtaa wa Narung'ombe, kwa miaka kumi na minne na miezi mitano kasoro siku tatu. Hizo siku tatu amesisitiza mwenyewe zitajwe.

Kwa wageni ambao hawajawahi kuumwa mgongo: kliniki yetu iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitenge. Haina lifti. Mwenye kiuno kibovu hupanda ngazi arobaini na nane kwanza, ndipo atibiwe. Daktari Girish hunyoosha mifupa ya mgongo na shingo kwa mikono yake, bila sindano wala vidonge, na mfupa ukikaa sawa hulia "kwaa!" hadi wauza vitenge kule chini hupiga makofi.

Bi Severa alianza kazi ya mapokezi tarehe 3 Februari 1992. Wakati ule viwanda vilikuwa vinauzwa na watu wengi walipunguzwa kazi. Walikuja wengi, wameshika viuno, wote wakisema, "Mgongo." Bi Severa akaona baadhi yao mgongo ni mzima kabisa. Walichokuwa nacho ni huzuni, ile ya kuamka na kukuta hutaki kula, hutaki kuoga, hutaki hata kuitikia salamu. Lakini nani atapanda ngazi arobaini na nane aseme ana huzuni? Mgongo unasemeka.

Basi alikuwa na kipimo chake. Mgonjwa akifika mezani, Bi Severa anaangusha kalamu. Mwenye mgongo mbovu kweli anaitazama tu ilipoangukia, kama mtu anayetazama ng'ambo ya Feri wakati pantoni imeshaondoka. Mwenye huzuni anainama mara moja, anaiokota, anaifuta kwa shati, anairudisha na kusema, "Samahani," utadhani ameiangusha yeye. Huyo anapelekwa benchi la pili.

Benchi la pili liko dirishani. Anayekaa hapo hupewa ungo wa mchele achambue, kwa ajili ya pilau ya Alhamisi ya wafanyakazi na wagonjwa. Masharti ni mawili tu: usikae peke yako, na ukiulizwa habari usijibu "nzuri" kama si nzuri. Hakuna mchele safi kama wetu Kariakoo nzima.

Daktari na Bi Severa wamebishana jambo hili miaka yote. Daktari anaamini huzuni hukaa kwenye mfupa wa tatu wa shingo, na kweli wengi hushuka kitandani wakicheka. Bi Severa humwambia, "Daktari, kicheko chako kinaisha Jumamosi. Alhamisi wanarudi kwa ajili ya ungo." Daktari hujibu, "Bi Severa, bila shingo huo ungo watautazamaje?" Waliozidiwa, ambao hata ungo uliwashinda, Bi Severa aliwasindikiza mwenyewe hadi hospitali kubwa Upanga, akakaa nao foleni mpaka wakamwona daktari wa huko.

Hatuwezi kusahau mwaka 1997. Mgambo walipita mtaani, na wamachinga kumi na mmoja wakakimbilia juu kwetu, wakajipanga kwenye mabenchi wakigumia. Mgambo mmoja akapanda kuwafuata. Bi Severa akaangusha kalamu. Wamachinga wote kumi na mmoja wakainama kwa pamoja, na soksi za mtumba zikamwagika kutoka kwenye mashati yao mpaka sakafu haionekani. Aliyebaki wima ni mgambo peke yake. "Wewe ndiye mgonjwa," Bi Severa akamwambia. "Vua buti, lala hapo." Alilala. Baada ya "kwaa!" hakukumbuka tena alichofuata, na mpaka leo huja kila mwezi. Yuko hapa, kiti cha nyuma, shati la kijani.

Mwezi uliopita Bi Severa naye alianza kushika kiuno. "Mgongo," akasema. Daktari akamnyoosha Jumatatu, akamnyoosha Jumatano, Ijumaa makofi yakasikika hadi duka la pili. Wapi. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua tano, na pilau hakuigusa. Tukaogopa kwamba atatuaga akiwa hivyo, aende kujifungia nyumbani.

Msichana mpya wa mapokezi, aliyemaliza kidato cha nne juzi na ambaye husema "shikamoo" kwa sauti ya kunong'ona, alikuwa akifundishwa kazi na Bi Severa. Aliangusha kalamu. Kwa woga aliiangusha taratibu mno, haikusikika. Akaangusha daftari lote la wagonjwa.

Bi Severa akainama. Akaliokota, akalifuta, akasema, "Samahani." Kisha akabaki amelishika. "Wewe mtoto," akasema, "umenipima?" Akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, hatukuweza kujua. Halafu akasema anaogopa Jumatatu ya kwanza ambayo hatakuwa na pa kwenda. Hakuna aliyemwambia asiwe na wasiwasi. Tulimpa ungo.

Daktari alikwenda kabatini akatoa kadi iliyofifia, namba saba, ya Januari 1992. Hakuna kati yetu aliyekuwa akijua. Imeandikwa hivi: "Severa Mapunda. Amepunguzwa kazi kiwandani. Analalamika mgongo. Kalamu yangu ilianguka kwa bahati mbaya, akaiokota, akaomba radhi. Mgongo mzima. Aanze kazi Jumatatu."

Kadi hiyo imefunguliwa upya. Kuanzia Alhamisi ijayo, Bi Severa ni mgonjwa wetu wa benchi la pili, upande wa dirisha.

Bi Severa, asante kwa kutuona wakati sisi tulikuwa tunaonyesha migongo. Tunakuombea shingo nyepesi, usingizi mzuri na mchele usio na mawe mengi. Njoo Alhamisi. Na ukiona kalamu imeanguka, iache hapo hapo. Nitaiokota mimi.

Mwanne, msichana mpya wa mapokezi