Shangazi Anashuka Ubaoni

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane Juni, Shangazi atarudisha buti zake stoo na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia idara yetu kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika Kitengo cha Kupima Utelezi. Buti zenyewe sijui watu wa stoo watazifanyia nini. Zimekanyaga mafuta ya kila aina, na kwa hali zilizo nazo labda kuku watagie humo.

Shangazi si shangazi wa mtu yeyote hapa kwa damu. Jina lilianza kwa mama anayesafisha korido, likapanda ngazi hadi ghorofa ya juu, na leo hata mkurugenzi, ambaye kwa umri amemzidi, humwita hivyo bila aibu. Ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho huwa haitiki, anadhani kuna mgeni.

Kwa wanaosoma kijarida hiki bila kutufahamu, kazi yetu ni kujua sakafu itamwangusha nani kabla haijamwangusha. Tunapima sakafu za viwanda, majukwaa ya kupakulia mizigo, vivuko vya waendao kwa miguu, ngazi za nje, na popote pale maji, mafuta au sabuni hukutana na kiatu. Chombo chetu cha kwanza tunakiita bembea. Ni mkono wa chuma wenye kipande cha mpira mwishoni. Unauachia, unashuka, unasugua sakafu iliyoloweshwa, kisha unapanda upande wa pili. Sakafu ikiushika mpira vizuri, mkono haufiki mbali na namba huwa kubwa. Sakafu ikiuachia, mkono unapanda kwa raha zake, nasi tunajua kwamba pale kuna mtu atavunjika nyonga.

Chombo cha pili ni ubao, nao uko maabara. Juu yake tunatandika vigae au mabati tuliyoletewa, tunamwaga mafuta, kisha mtu aliyevaa buti na kufungwa mikanda ya usalama kutoka darini anatembea mbele na nyuma huku ubao ukiinuliwa kidogo kidogo. Pale anapoteleza ndipo tunaposoma ubao umeinama kiasi gani, na kigae kinapewa daraja lake. Mtu huyo wa kuteleza, miaka yote hii, amekuwa Shangazi. Anayezungusha mtambo wa kuinua ubao ni mimi. Kwa hiyo naweza kusema bila kutia chumvi kwamba nimemwangusha Shangazi kuliko binadamu mwingine yeyote, na kila nilipomwangusha alinishukuru.

Wengine waliojaribu ubao waliteleza kwa makelele, na mmoja alimwita mama yake. Shangazi husema neno moja tu, “Basi”, kwa sauti ya mtu anayemiminiwa chai na kuona kikombe kimejaa. Nikisikia basi, nasimamisha mtambo. Neno hilo limeshaingia katika damu ya ofisi. Kwenye mikutano, mtu akirefusha hotuba, kuna atakayelisema kwa sauti ile ile, na msemaji huketi bila kuambiwa mara ya pili.

Alikuja kwetu kama mpiga chapa. Siku moja mtembea ubao aliugua, mteja alikuwa anasubiri, na mkuu wa kitengo wa wakati ule akapita vyumbani akitafuta mtu asiyeogopa kuanguka. Shangazi aliuliza kama atapewa suruali. Alipewa, akapanda, na mashine ya chapa hakuirudia tena. Alisoma masomo ya jioni, akafaulu mitihani yake, akawa mpimaji, na hatimaye mpimaji mkuu.

Mwongozo tunaotumia hadi leo aliuandika yeye, na jambo moja ndani yake alilipigania kufa na kupona: sakafu ipimwe pale miguu inapopita, siyo kwenye kona ambako hakuna anayekanyaga. Alipofika kiwanda kimoja cha maziwa alikuta sakafu inang'aa kila pembe. Meneja, kwa heshima ya wageni, alikuwa amewakeshesha vibarua wakipaka nta. Shangazi alimpongeza kwa ukarimu, akakunja vyombo, akaomba aitwe tena sakafu ikishachafuka kama kawaida yake. Tangu siku hiyo kila mteja wetu huombwa kwa adabu asitufanyie usafi.

Hapa sina budi kumtaja Fundi. Shangazi ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja tu, kwamba nisimfanye mume wake aonekane mjinga. Sitaweza hata nikitaka. Fundi ni mume wa Shangazi na alikuwa fundi wa terazo, mtu wa kusaga na kung'arisha sakafu mpaka ujione meno. Aliwahi kutuambia kwenye sherehe ya ofisi kwamba nyumba yao ina riziki mbili zisizosalimiana, mume analipwa kulainisha na mke analipwa kulalamika kuwa pamelainishwa. Tulicheka sana, na Shangazi alicheka kuliko sisi.

Mwaka binti yao alipoolewa, kilijengwa kituo cha afya mtaa wa pili kutoka kwao, na kazi ya sakafu ikampata Fundi, pamoja na mteremko wa nje wa kupitisha machela na viti vya magurudumu. Kupima kukatuangukia sisi. Shangazi aliomba apangwe mwingine, lakini mpimaji wa pili alikuwa likizo ya uzazi, na mkuu wa kitengo akasema bembea haina shemeji. Ndipo Shangazi akaomba angalau namba niwe nazisoma mimi, yeye amwage maji tu.

Fundi alikuwa ameambiwa kwamba mkewe anakuja. Mteremko ule aliuacha na ukwaruzo wake, kama ramani ilivyotaka. Lakini mke wako anapokuja na wenzake kuangalia kazi ya mikono yako, utamwonyesha kitu kilichokwaruza? Bila kumwambia mtu, akaingia na jiwe lake la kusagia, akausaga, akaupaka nta, akausugua kwa kitambaa. Utelezi aliosikia ukisimuliwa mezani kwake miaka yote aliujua kama mambo ya viwandani, ya mafuta na grisi. Tulipofika alikuwa amesimama juu ya mteremko na shati lililopigwa pasi, na pale chini ya miguu yake palimeta.

Shangazi alimwaga maji, nikaachia mkono. Ukapanda kwa raha zake. Akamwaga tena, nikaachia tena, tukahamia katikati, tukahamia juu, majibu yakawa yale yale. Nikamtazama, nikijiambia kwamba akiomba tuje siku nyingine sitamlaumu. Hakuomba. Wala hakuniachia mimi nitoe habari. Alipanda mwenyewe hadi kwa mumewe na kumweleza kwamba mteremko umeanguka kwenye kipimo, na kwamba ukibaki hivi, mvua ya kwanza itawabwaga wajawazito na wazee. Fundi hakubisha. Alishuka akiwa ameshika reli, na niliona aibu kumtazama.

Nyumbani, baadaye Shangazi alinisimulia, maongezi yalikauka. Walikula meza moja kama abiria wasiojuana. Kilichomkata maini si hasira ya mumewe, maana hakuwa nayo. Ni kujua kwamba alichokikataa mbele ya watu kilikuwa zawadi. Jumamosi Fundi aliondoka na tindo na nyundo bila kuaga. Shangazi alimfuata mchana na chakula, akamkuta amepiga magoti anachonga mifereji myembamba kukatisha mteremko, mstari baada ya mstari, kwa mkono, akiiharibu kazi yake nzuri kuliko zote. Akageuza ndoo, akaketi, wakala pamoja pale pale. Tuliporudi kupima, mteremko ulifaulu vizuri. Fundi alisema ni kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya, na mkewe akamwambia ndiyo anayoipenda.

Mwaka juzi Fundi alipata kiharusi. Mkono ulirudi taratibu, mguu wa kulia ukawa unaburuta. Alipoanza kutembea na fimbo alianguka uani, mbele ya wajukuu, na baada ya hapo aligoma kabisa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, pale pale kituo cha afya, alisema mguu una nguvu ya kutosha ila mwenye mguu ameogopa. Fundi akawa anapelekwa kwa kiti cha magurudumu, na Shangazi ndiye msukumaji. Kuna asubuhi alifika kazini macho yamemwiva, akapanda ubaoni, na mimi nilizungusha mtambo polepole kuliko inavyotakiwa. Nilimhurumia. Mtu aliyetumia maisha yake kuzuia watu wasianguke alikuwa na mtu wake mmoja ambaye kuanguka kulikuwa kumemfunga kitini.

Wakubwa walimwomba aongeze mkataba wa miaka miwili. Alishukuru, akakataa. Alimwambia mkurugenzi kwamba sakafu amepima za kutosha, sasa kuna mguu unamsubiri. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kazi yake ya mwisho ya nje iwe kuupima upya mteremko ule.

Tulikwenda mwezi uliopita, asubuhi ya mvua. Ndoo yetu ya maji ilibaki garini, haikuwa na kazi. Fundi alikuwa chini ya kibaraza, kitini kwake, akisubiri zamu ya mazoezi na kutuangalia. Miguu ya mtaa mzima imepita pale miaka yote hii, na nilidhani mifereji itakuwa imelika. Niliachia mkono mara ya kwanza, ukasita na kukwama mapema, kama siku ile tuliporudi kupima baada ya Fundi kuchonga. Juu, katikati, chini, kote umeshika.

Fundi aliniuliza namba, nikamtajia. Akaniuliza kama ningemwambia ukweli iwapo ingekuwa mbaya. Nikamjibu kwamba yeye, kuliko mtu yeyote, anajua kitengo chetu hakimfichi mtu namba. Alicheka, kwa mara ya kwanza nimsikie tangu augue. Kisha akaomba asogezwe hadi mwanzo wa mteremko, akaweka breki, akashika reli na kusimama.

Shangazi hakumshika. Alisimama ubavuni pake, mkono ameunyoosha karibu na kiwiko chake, wakaanza kupanda katika mvua. Nilibaki chini nimeikumbatia bembea, na kwa mazoea yangu yote nikatega sikio nikisubiri neno lile. Katikati Fundi alisimama. Mguu wake mbovu ulikuwa umekaa juu ya mfereji alioukata mwenyewe, naye akautazama kwa muda. Akavuta pumzi, akauinua, akauweka kwenye mfereji uliofuata. Walifika juu. Shangazi aligeuka kunitazama, uso umelowa, na neno sikulisikia.

Shangazi, kwa niaba ya maabara, gereji, korido na ghorofa ya juu, asante kwa kila sakafu uliyoikataa. Kuna watu wengi wamefika nyumbani wazima na hawatajua ni kwa sababu yako, nasi tutalijua hilo kwa niaba yao. Tunawaombea wewe na Fundi siku nyingi za kutembea, za jua na za mvua, bila haraka. Buti rudisha stoo, mikanda tuachie ukutani. Mtambo nimeusimamisha na ubao nimeulaza chini kabisa. Shuka taratibu.