Sentimita Tatu za Henriette

Kijiwe cha Kapata, mtaa wa wachimba mgodi, kilikuwa gogo la reli lililolazwa juu ya matofali, mbele ya dirisha ambako Mama Rahima aliuza kahawa. Kabla ya mwaka ule wa 1993, aliyechelewa kufika alikunywa kahawa yake amesimama. Sasa mgodi ulikuwa umelala, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wakifukuzwa warudi kwao, na kwenye gogo walibaki watatu: Omer, fundi wa magari ambaye gereji yake ilikuwa imefungwa, Stany, karani wa zamani aliyeitwa Profesa kwa sababu hakuna jambo alilokiri kutolijua, na Alfani, msafirishaji aliyeitwa Mpaka, maana maisha yake yote yalikuwa kwenda Zambia na kurudi. Walikaa wakiachiana nafasi, kana kwamba wenzao wameinuka mara moja tu na watarudi.

Wiki ile walibishana juu ya gari la Kazadi. Kazadi alikuwa fundi umeme, rafiki wa Omer wa miaka kumi na minane, jirani yake ukuta kwa ukuta. Alizaliwa papo hapo Kapata, lakini baba yake alitoka Kasai, na hilo lilitosha. Gari alilinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akihama: gari la fahari, amotisere zake, yaani shokapu, zikijilegeza na kujikaza zenyewe kufuatana na barabara, kwa amri ya kijisanduku cha umeme chini ya kiti. Ila Mbelgiji alikuwa ameliinua kwa springi ndefu, resore kama walivyoziita, kwa ajili ya njia za mgodi, na Henriette, mke wa Kazadi, alikuwa amepooza mguu tangu utotoni. Kila kupanda kwake kulikuwa vita. Kazadi alitaka lishushwe, na Alfani akaagizwa resore fupi kutoka Kitwe.

Resore zilifika vijana wenye marungu wakiwa wameshapita kuwatoa watu wa Kasai majumbani. Kazadi na mkewe walikuwa kwenye gare, stesheni ya treni, chini ya turubai, wiki ya tatu wakingoja treni pamoja na maelfu ya wenzao. Gari lilikuwa uani kwa Omer.

Profesa alisema resore mpya za nini, zikatwe zile za zamani kwa msumeno. Omer akamweleza kwamba resore iliyokatwa huiacha amotisere ikigonga chini mpaka ivuje mafuta. Alfani alikuwa amemwona mtu huko Zambia aliyeng'oa kila kitu akaweka amotisere ngumu za mashindano. Omer akasema kijisanduku kitazitafuta zile za kwanza, kisizione, na taa ya hitilafu itawaka daima. Tena mgongo wa Henriette utalipia kila shimo. Hapo Profesa akapandisha sauti.

— Zile amotisere ziko na akili, alisema. Zilishazoea uzito ya Kazadi na bibi yake. Mutu mwingine hazitamukubali.

— Basi acha gari, chimba udongo, alisema Alfani. Fasi yote gari itasimama, unachimba shimo. Gari inaingia chini, mama anapanda.

Zamani kijiwe kizima kingeangua kicheko. Omer aligeuka upande wa kushoto, kule ambako Kazadi alizoea kukaa na kukata maneno, akakutana na gogo tupu.

— Amotisere zinabaki, alisema. Resore njo tunabadilisha. Sentimita tatu, haipite pale.

Stany alimkumbusha taratibu kwamba gari halitapanda treni. Omer alijua. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku vijana walipokuja, Kazadi aligonga ukuta unaotenganisha nyumba zao, mara tatu. Omer alisikia. Alikaa kitandani, mikono katikati ya magoti, akasikia vyombo vikitupwa nje, kisha kimya. Hakufungua mlango. Asubuhi yake alikuta Kazadi ameondoka, ameliacha gari uani kwake na ufunguo dirishani. Tangu siku hiyo alikuwa hajakanyaga kwenye gare.

Alifanya kazi peke yake siku mbili. Kila alipohitaji mtu wa kumshikia jeki alinyoosha mkono bila kufikiri, kisha akaurudisha. Alipomaliza, gari lilikuwa limekaa chini sawasawa, magurudumu yamejaa vizuri chini ya mabati yake, na taa ya hitilafu haikuwaka. Alitafuta wa kumwonyesha. Akawasha gari, akaenda.

Kwenye gare watu walimtazama kwa hofu, wakidhani gari limeleta shari nyingine. Kazadi alitoka chini ya turubai, amekonda, ndevu zimemjaa. Alilizunguka gari, akainama, akapitisha viganja kati ya gurudumu na bati.

— Uliacha amotisere zake?

— Niliacha.

Henriette alikuja na magongo yake. Omer alimfungulia mlango. Henriette alikaa kwanza kitini, kisha akaingiza miguu mmoja mmoja, bila kushikwa na mtu. Akabaki ametulia, mkono juu ya goti.

Wanaume wawili walisimama nje. Kazadi hakumtazama rafiki yake.

— Nilipiga ukuta, alisema.

— Nilisikia.

Kazadi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua.

— Tata Omer, aliita Henriette kutoka ndani. Ingieni. Tuzunguke kidogo.

Walizunguka kandokando ya reli, mpaka kwenye makutano na kurudi. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na gari liliyapokea bila kelele. Henriette alikuwa amefumba macho. Waliporudi alimwambia Omer asiache gari lisimame, liozee uani.

Treni ilikuja Alhamisi. Omer aliisikia kutoka kijiweni.

Wiki mbili baadaye mtu mmoja aliyeitwa Mwamba, ambaye alikuwa amepewa nyumba ya Kazadi, alifika pale na heshima zake zote. Aliwasalimu, akanunua kahawa, akaketi upande wa kushoto wa Omer. Walizungumza juu ya mvua. Kisha akauliza:

— Batata, wazee wangu, samahani. Ku mulango ya ile nyumba, ngazi haiko. Baliweka simenti ya kuteremuka, sawa njia ya toroli. Ilikuwa ya nini?

Stany, ambaye hakuna jambo alilokiri kutolijua, alitazama ndani ya kikombe chake. Alfani alifunga upya kamba ya kiatu. Simenti ile Omer aliichanganya kwa mikono yake mwenyewe, Jumapili moja, Kazadi akimwaga maji na Henriette akiwacheka kutoka kwenye kiti. Alifungua mdomo. Lakini jina la Henriette hakulitaja; alimwomba Mama Rahima kahawa nyingine.

Mwamba alingoja kwa adabu. Kisha aliinamia kahawa yake akanywa.