Aliyepiga Hodi Hata Mlangoni Pake

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Karani wa Kamati ya Usalama na Faragha anastaafu baada ya kulitumikia Bunge kwa miaka thelathini na mmoja. Ukimtaja kwa cheo chake, wengi watakuuliza ni yupi. Sema Mzee Kapu, na hata walinzi wa getini watakuonyesha mlango wake.

Alianza kazi katika chumba cha kumbukumbu, akipiga chapa maneno ya wabunge waliokuwa wakisema wote kwa pamoja. Mwenyewe husema hapo ndipo alipojifunza kunyamaza. Kamati ilipoundwa, ili wabunge waweze kuiuliza idara ya usalama inakusanya taarifa gani za wananchi na kwa ruhusa ya nani, alihamishiwa ghorofa ya pili, kwenye chumba kisicho na dirisha, chenye feni mbili na meza ndefu iliyojaa mikwaruzo. Siku ya kwanza alikuja na kapu la sokoni la mkewe. Kila aliyeingia aliacha simu yake humo, kwa kuwa ya chumba kile hayatoki nje. Mkewe alilidai kapu lake wiki ile ile. Mpaka leo analidai.

Mbele ya kapu hakukuwa na mkubwa wala mdogo. Mbunge mmoja aliwahi kuficha simu ya pili kwenye soksi, nayo ikawika kama jogoo katikati ya kikao. Mzee Kapu hakumkemea. Alimsogezea kapu na kumwambia, "Mheshimiwa, na jogoo naye akapumzike." Kikao kilichukua muda kutulia.

Tulimtania zaidi kwa tabia yake ya kupiga hodi. Alipiga hodi kila mlango, hata wa ofisi yake mwenyewe, kisha akasubiri kidogo. Alituambia huenda anayefagia yumo ndani, na anayefagia naye ana haki ya kuwa peke yake.

Mimi ni mwandishi wa barua wa kamati, na dawati langu liko nje ya chumba kile. Ninayosimulia sasa yalishatolewa hadharani kwenye ripoti, bila jina langu. Leo nasema mwenyewe kwamba ni mimi.

Mume wangu alikuwa fundi wa feni. Zile mbili za chumba cha kamati ni kazi ya mikono yake, na moja bado inalia kidogo kama alivyoiacha. Alipofariki, sikuifunga laini yake ya simu. Kila jioni nikimaliza kazi nilimpigia, nisikie sauti yake ikisema hayupo, aachiwe ujumbe. Sikuacha ujumbe. Nilisikiliza, nikakata, nikaenda nyumbani.

Mwaka huo idara ilikuja kuomba iendelee kukusanya kumbukumbu za simu za watu wote: nani kampigia nani, lini, na kwa muda gani. Haikuwa na nia mbaya. Wahalifu walikuwa wakitumia laini za marehemu, na idara ilitaka zote zifungwe wiki ile. Mkuu wake, mtu mrefu tuliyemwita Mnara, akaonyesha mfano ukutani: namba ya marehemu inayopigiwa kila jioni, tena kutoka jengo hili hili la Bunge. "Waheshimiwa, marehemu hapokei simu," akasema, na baadhi wakacheka.

Mzee Kapu aliitambua ile namba. Alikuwa ameipiga mara nyingi feni zilipogoma. Angeweza kueleza pale pale, maana mwenyekiti angemruhusu. Badala yake alisimama, akaomba atoke kidogo, akaja mpaka kwangu na kugonga dawati kwa kidole.

"Hodi, dada."

"Karibu, mzee."

"Humo ndani limeingia jambo lako. Ni ile namba ya shemeji. Wanadhani ni ya wahalifu, wanataka kuifunga. Naomba ruhusa yako niwaeleze. Ukikataa, narudi nakaa kimya, na habari hii hutaisikia tena kwangu."

Sikujua kwamba kuna mtu anajua.

"Ukinyamaza, sauti yake itakwenda?"

"Itakwenda."

"Basi waambie. Waambie ni sauti tu."

Akarudi ndani. Kikao kilipoisha, Mnara alichukua simu yake kapuni, akasimama mbele yangu akiishika kama mtu aliyesahau matumizi yake. "Pole, mama," akasema. "Ile laini haiguswi. Na sikupaswa kuchekesha watu kwayo."

Mzee Kapu hakuishia hapo. Kwa miaka miwili aliandika, akafutiwa, akaandika tena rasimu ya kifungu ambacho wabunge walikiita kifungu cha hodi: idara ikitaka kufungua kumbukumbu za mtu, ipate kwanza ruhusa ya jaji na ieleze sababu, na akionekana hana kosa, aambiwe kwamba alichunguzwa. Wapo waliosema kingewachelewesha walinzi wetu. Aliwasikiliza wote, akaongeza nafasi kwa mambo ya dharura, na kifungu kikapita. Siku hiyo alikula njugu zake mezani kama kawaida, akafuta maganda kwa kiganja.

Laini haikufungwa. Niliendelea kupiga, mpaka jioni moja nikajikuta nimefika nyumbani na sijapiga. Niliacha mwenyewe, sikuachishwa. Kwa hilo sina shukrani inayotosha.

Mzee wetu, kwa niaba ya ghorofa nzima ya pili, asante. Kapu tumeliosha na kulifungia kwenye buti la gari lako, limfikie mwenyewe. Anayekuja nyuma yako tumemnunulia jingine, na tumeshamfundisha kupiga hodi. Pumzika salama, ukiwa na afya na watu wako karibu. Tutakuwa tukikupigia kukujulia hali. Usipopokea, hatutauliza ulikuwa wapi, wala ulikuwa na nani.