Mkubwa wa Mwaka Mmoja

Benchi lenyewe liko Tumbi, ubavuni mwa barabara ya lami inayopitisha malori ya kwenda na kutoka viwandani Zegereni. Ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa misumari juu ya magogo mawili, na ukikaa vibaya unaondoka umeacha kipande cha suruali. Mbele yake Mzee Hussen huweka jiko la mkaa, birika la kahawa, sinia la kashata na ndoo ya kusuuzia vikombe. Kila alasiri wenyewe hukusanyika: Mwishehe, fundi redio, ambaye kwa kujua kila kitu watu walimwita Profesa, Ipyana wa bodaboda, kijana wa Tukuyu, aliyepewa jina la Kamanda kwa sababu ya sauti yake, na Saburi, mfanyakazi wa kiwanda cha nondo, ambaye akiwa zamu ya usiku huwa hana pa kupeleka alasiri zake. Siku hiyo Saburi alikuja na binti yake, Mboni, kwa kuwa mkewe Zuleha alikuwa ameamkia Mzenga, Kisarawe, kumwangalia mama yake anayeumwa miguu.

Mboni alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, lakini ukimwona bila kuambiwa unampa miaka minne, na ukiwa na haraka unampa mitano. Muuguzi wa kliniki alikwishampima na kumpima tena, akasema mtoto ana afya njema, mwili wake tu umetangulia. Kusema ni rahisi. Ndani ya basi kondakta alitaka mtoto alipiwe siti. Akimnyang'anya mwenzake mpira, anaitwa mkorofi, wakati mtoto mwenye umri wake hasa akifanya hivyo hivyo ni utoto. Zuleha alikuwa ameacha kumnyonyesha mbele za watu, maana kwenye foleni ya kliniki mama mmoja alimwambia, bila hata kumjua, kwamba anatia aibu.

Saburi hakuwa amemaliza kikombe cha kwanza Kamanda akaanza.

— Kaka Saburi, tuambiane ukweli. Huyu ana miaka minne.

— Mwaka mmoja na miezi minane.

— Mimi nina wa miaka minne nyumbani, na huyu anampita kichwa! Huyu mmemkata umri kama mchezaji wa timu ya vijana.

— Sasa mtoto mchanga akatwe umri akacheze wapi? aliuliza Mzee Hussen.

— Shuleni, mzee wangu. Awe wa kwanza kila mwaka, kumbe wenzake kawazidi.

Benchi zima likacheka. Saburi naye akacheka, kwa kuwa mtu akizoea kuchokozwa kwa jambo moja hujifunza kucheka mapema, yaishe. Mboni alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, anatia kidole majini na kukitoa, anakitazama kinavyodondosha.

— Nyamazeni, niwape sayansi, alisema Profesa. Tatizo ni chuma. Saburi anashinda na chuma kinachoyeyuka. Vumbi linaganda kwenye ovaroli. Anarudi nyumbani, anambeba mtoto, mtoto anavuta vumbi. Chuma kikishaingia mwilini kinakwenda wapi?

— Wapi?

— Kwenye mifupa! Mnataka kiende wapi kingine?

— Mbona mimi ninayekaa nacho usiku kucha nimekonda? aliuliza Saburi.

— Wewe umeshakomaa. Kwa mtu mzima chuma hakiongezi, kinapunguza.

— Acha uongo, Profesa, alidakia Kamanda. Ni mayai. Kuku wa kisasa anakua kwa wiki chache, unamla mzima. Sasa mtoto akila yai la kuku wa hivyo, mwili unapata wapi subira?

— Hali mayai. Anayatema.

— Mama yake je, alipokuwa mjamzito?

Saburi akasita. Zuleha alikuwa akila mayai mfululizo siku zile.

— Si mnamwona anavyonyamaza! alipaza sauti Kamanda, akagongana viganja na Profesa.

— Haya, mnataka kujua kama ni mtoto au si mtoto? alisema Saburi. Mtumeni basi. Mtumeni kitu mwone kama ataelewa.

Alilisema kama mtu anayetoa ushahidi wa mwisho. Kamanda akaosha kijiko kwenye ndoo, akamkabidhi Mboni.

— Mboni, mwanangu, kampelekee mama Blessing kijiko chake pale dukani. Umesikia? Dukani.

Duka la mama Blessing lilikuwa nyuma ya benchi, upande ule ule wa barabara, hatua chache tu. Mboni alikitazama kijiko, akawatazama wote, akageuka na kuanza kutembea kwa mwendo wake wa kuyumba, tumbo mbele. Akasimama kutazama kuku. Akaendelea.

— Ona, ona! Anakwenda! alisema Kamanda.

Saburi alimtazama mpaka alipofika kwenye pembe ya kibanda cha duka. Hapo Mzee Hussen akakohoa, na Mzee Hussen akikohoa huwa ana neno.

— Nyinyi vijana mnahangaika bure. Kuna mimba zinalala. Kule kwetu Kisarawe palikuwa na mwanamke, mimba yake ililala miaka mitatu. Mtoto alipotoka, hakulia. Aliulizia chakula.

— Mzee!

— Walikuwapo walioshuhudia.

Profesa alikuwa tayari anahesabu kwa vidole.

— Sasa hapo tumefika. Tuseme Mboni alilala tumboni miaka miwili na ushee. Umbo linakubali. Meno yanakubali.

— Haiwezekani, alisema Saburi. Miaka yote hiyo nyuma mimi na Zuleha tulikuwa hatujajuana.

Alikuwa ameshalitamka ndipo alipolisikia. Kamanda akashusha kikombe polepole, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema kwa sauti ya chini.

— Hapo sasa, kaka, mimi sisemi kitu.

— Husemi nini?

— Nimesema sisemi.

— Sema, Ipyana.

— Ninasema tu... mtoto hafanani na wewe. Wewe ni mfupi. Mama yake ni mfupi. Urefu umetoka wapi? Mtu anajiuliza.

Saburi alisimama. Hakukumbuka baadaye kama kikombe alikiweka au alikitupa. Alimkamata Kamanda ukosi wa koti, na maneno yakamtoka ambayo hakuwahi kuyatumia hata kiwandani. Aliyataja majina ya wajomba zake Zuleha wa Mzenga wanaoinama kila mlangoni. Aliuliza ni nani aliyesimama na mkewe leba usiku ule kama si yeye. Kamanda naye akapandisha sauti, akasema aachiwe koti lake, kwamba utani ni utani. Profesa akajitia katikati, akisema hakuna aliyemtukana mtu, ni sayansi tu ilikuwa inatembea. Watu wa bodaboda wakasogea kutazama.

— Basi! Basi jamani! alisema Mzee Hussen. Mnagombana mbele ya mtoto?

Akachukua kashata kwenye sinia, akanyoosha mkono nayo kando ya ndoo bila kutazama, kama alivyozoea kumpa mtoto kila anapokuja. Mkono ukabaki hewani. Hakuna aliyeipokea.

— Mtoto yuko wapi?

Saburi aliuachia ukosi. Akatazama ndoo, chini ya benchi, dukani. Mama Blessing alikuwa amesimama mlangoni kwake amekunja mikono, akitazama ugomvi.

— Mama Blessing, mtoto kafika hapo?

— Mtoto gani?

Saburi alizunguka kibanda. Kuku alikuwapo. Kijiko kilikuwa chini, mchangani. Mboni hakuwapo.

Wote wakatawanyika. Profesa alikimbilia mtaroni. Kamanda aliwasha pikipiki, akaizima, akakimbia kwa miguu akiita kwa ile sauti yake, na mara ile hakuna aliyeicheka. Saburi alimfikia mwanamke anayechoma mahindi kwenye kona.

— Dada, hujaona mtoto mdogo hapa, wa kike?

— Mdogo, hapana. Kapita mmoja mkubwa mkubwa, ana gauni la njano. Nikajua katumwa.

— Ndiye huyo! Kaelekea wapi?

Mwanamke alinyoosha kijiti cha kuchochea moto. Kilielekea ng'ambo ya barabara.

Pembezoni mwa lami alikaa fundi cherehani. Yeye alikuwa ameona yote.

— Kavuka hapa hapa. Hakutazama kulia wala kushoto. Lori la mchanga likafunga breki mpaka matairi yakatoa moshi. Dereva katoa kichwa, kamgombeza: mtoto mkubwa hivyo hujui kuvuka barabara? Na mimi nikasema, watoto wa siku hizi kweli wana kiburi.

— Ana mwaka mmoja, alisema Saburi.

Fundi akacheka, kisha akamtazama usoni, na mguu wake ukatoka kwenye pedeli.

Alama za matairi zilikuwa pale kwenye lami, nyeusi mbili. Saburi alizitazama. Watu wote hawa walimwona. Walikuwa na macho na huruma zao. Angekuwa na umbo la mwaka mmoja, wangemdaka hata kwa kuacha mahindi yaungue. Saburi alivuka bila kujua kama yeye mwenyewe alitazama magari.

Ng'ambo kulikuwa na shule ndogo ya chekechea, ambako watoto hukaa mpaka wazazi wao warudi kutoka makazini Dar. Mlinzi wa geti alimsikiliza, akaanza kukuna shingo.

— Gauni la njano? Huyo nimemfungulia mimi. Nilimkuta anashikashika geti, nikajua mwanafunzi ametoroka. Nikamfokea, nikamwingiza.

Darasani watoto walikuwa wamekaa mikekani na vikombe vya uji. Kwenye pembe, uso umegeuziwa ukuta, alisimama mtoto mmoja mwenye sare: sketi ya bluu, shati jeupe. Saburi aliangaza mikekani, uso kwa uso, akitafuta gauni la njano. Alikuwa ameshamruka yule wa ukutani, ndipo mtoto alipogeuza kichwa.

— Baba. Beba.

Alimnyanyua, akamkandamiza kifuani, akanusa shingo yake. Mashavu ya mtoto yalikuwa na chumvi ya machozi yaliyokauka. Mwalimu, dada aliyeitwa Margareth, alikuja mbio na chaki mkononi.

— Wewe ndiye mzazi? Mimi ni mgeni hapa, nimeanza wiki hii, sijawashika wote sura. Lakini mzee, mtoto wako ana jeuri! Namuuliza jina, ananitazama. Namuuliza darasa, ananitazama. Halafu anajikojolea hapa hapa mbele ya wenzake, msichana mkubwa namna hii. Nimembadilisha, nikamwambia asimame pale ajifikirie.

— Mwalimu, huyu bado ananyonya.

Margareth alimtazama Mboni: vidole vyake vilivyonona, kisigino ambacho hakikuwa na ugumu wowote, namna alivyolaza kichwa begani na kuanza kunyonya kidole gumba. Chaki ikaanguka.

— Yesu wangu, alisema. Nimemsimamisha mtoto mchanga ukutani.

Saburi alitaka kumfokea. Alikuwa na haki, na pumzi alikuwa ameshaivuta. Lakini aliyemwambia mtoto yule aende si mwalimu. Akaitoa pumzi ile, akashukuru, akatoka.

Akiwa njiani, wanawake wawili walimpita, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, mtoto mkubwa hivyo anabebwa. Saburi hakugeuka. Mboni alikuwa mzito kama gunia la mpunga, na mkono ulimfa ganzi, lakini hakumbadilisha hata bega.

Benchini walikuwa wamerudi wote. Kamanda alikuwa amekaa chini, mchangani. Alipomwona mtoto alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mzee Hussen alisema alhamdulillahi tena na tena mpaka ikawa mnong'ono. Hakuna aliyetaja umri. Saburi alikaa, kwa kuwa miguu haikukubali kufika nyumbani, na Mboni akapewa kashata, akaila.

Ndipo Zuleha alipotokea upande wa kituo, mfuko wa mihogo begani, vumbi la Mzenga miguuni.

— Shikamoo, Mzee Hussen. Hamjambo jamani. Mama hajambo kidogo, leo kasimama hata...

Akanyamaza. Alikuwa amemwona binti yake amevaa sare ya shule, sketi ikimkaa kiunoni kana kwamba alipimiwa. Akautua mfuko.

— Hiyo sare ya nani?

Saburi alimweleza. Hakupunguza: kijiko, kuku, lori, matairi, geti, ukuta. Kila alipofika mahali pagumu alimeza mate, akaendelea. Zuleha alisikiliza amesimama, mkono mmoja mdomoni. Saburi alipofikia lori, Zuleha alimchukua mtoto, akampapasa miguu yote miwili, kuanzia nyongani hadi vidoleni, kama siku alipozaliwa. Kisha akakaa kwenye ncha ya benchi, akafungua blauzi, akamnyonyesha pale pale mbele za watu, sare na yote. Benchi zima likatazama chini.

— Mlikuwa hapa wote? aliuliza.

— Wote, alisema Saburi.

— Mtoto anaondoka, anavuka barabara, anafika shuleni, anasimamishwa ukutani, anakojoa, anavishwa nguo. Muda wote huo.

— Ndiyo.

Hakuwa amepaza sauti. Alimtazama Profesa, akamtazama Kamanda, akamtazama Mzee Hussen, mwisho mumewe. Alikuwa anataka kweli kujua.

— Mlikuwa mnazungumza nini?

Profesa aliinamia kikombe chake. Kilikuwa kitupu. Kamanda alichora kitu mchangani, akakifuta. Saburi alinyoosha pindo la ile sketi ya bluu. Mzee Hussen aliinua birika, akalitikisa, akalirudisha jikoni bila kummiminia mtu. Zuleha akaendelea kusubiri, na Mboni, macho yakimlegea kwa usingizi, akaendelea kunyonya.